Biti ya milimita 0.2 kwa maandishi ya ndani ya pete

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni sonara kijana hapa Ngamiani, Tanga. Nachora majina kwenye pete na bangili za fedha kwa mashine ndogo ya umeme, ile inayotumika saluni kwa kucha. Wateja siku hizi wanataka maandishi madogo ya Kiarabu ndani ya pete, mistari isiyozidi milimita 0.2. Biti, yaani kile kijiti cha kukatia kinachoingia kwenye mashine, ndogo kabisa niliyoipata madukani ni ya 0.8. Za almasi nilizoagiza mtandaoni zina ncha nyembamba lakini zinaziba na kuparura. Je, biti za 0.2 au 0.3 nitazipata wapi, au nizitengeneze mwenyewe kwa namna gani? Na kuna mtu ameniahidi biti zilizotumika kutoka kwa daktari wa meno. Nizichukue?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hesabu, maana ndiyo itakayokuokolea pesa. Upana wa mstari si upana wa biti.

Nazungumzia biti yenye kichwa cha gololi, ambayo ndiyo inayokufaa kwa kazi hii na sababu zake nitazieleza. Gololi ikizama kidogo inagusa fedha kwa kitako tu, si kwa tumbo. Chukua gololi ya milimita 0.5. Ukiizamisha 0.05, mstari unatoka na upana wa 0.3. Ukiizamisha 0.02 tu, upana ni 0.2 hivi, ule ule unaoutafuta. Ukitaka kupiga mwenyewe: kipenyo utoe kina, jibu ulizidishe kwa kina, utafute kipeuo cha pili, kisha mara mbili. Kwa mfano wetu, 0.48 mara 0.02 ni 0.0096, kipeuo chake cha pili ni 0.098, mara mbili ni 0.196.

Kwa hiyo biti ya 0.5, ambayo inapatikana bila shida kubwa, inakupa tayari mstari wa 0.2. Gololi ndogo zaidi inakuongezea nini basi? Inakuongezea kina. Gololi ya 0.3 ikichora mstari wa 0.2 inakuwa imezama 0.04, yaani mara mbili ya ile ya 0.5. Kwa maandishi ya ndani ya pete tofauti hiyo ina maana, kwa sababu wino wake ni ule weusi unaoutia baada ya kuchora, na weusi haukai kwenye mkwaruzo. Ung'arishaji mmoja wa pupa unafuta mstari wenye kina cha 0.02. Ukitumia gololi ya 0.5, basi maliza kung'arisha ndani ya pete kabla ya kuchora, na baada ya kutia weusi futa juu kwa kitambaa tu, usirudi na brashi ya mota. Ukipata ya 0.3 una nafasi ya kupumua. Ya 0.2 sikushauri uitafute kabisa kwa mashine uliyonayo, na hapo ndipo penye kiini cha jibu langu.

Adui yako ni kuyumba. Mashine ya kucha si mbaya, na ina bahati moja: tundu lake linapokea shina la milimita 2.35, kipimo kile kile cha biti za masonara na cha mashine nyoofu za maabara za meno. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya vichwa vinene vya kukwangua rangi ya kucha, na hakuna aliyejali ikiyumba milimita 0.05. Kwenye biti ya milimita 3 huo ni upuuzi. Kwenye biti ya 0.3 ni moja ya sita ya unene wote: jino moja linabeba kazi ya meno yote, mstari unapanuka, kingo zinatoka na vinyweleo, na shingo ya biti inapigwa huku na huku maelfu ya mara kila dakika. Biti ya 0.2 kwenye mashine ya namna hiyo haimalizi herufi ya ba.

Ipime leo jioni. Bana kipande cha shaba kwenye jiliwa, weka biti yako ya 0.8, washa mwendo wa chini, uiteremshe wima mpaka nusu ya gololi izame, uitoe, uzime. Sasa irudishe kwenye shimo lile lile kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa, huku ukiangalia kwa lenzi ya mara 10. Ikijaa shimo bila kucheza, mashine ni nzima. Ukiisukuma pembeni ikaenda, na ukaona hilali ya mwanga upande mmoja, hicho ndicho kiasi inachoyumba, na ndicho kitakachoongezeka kwenye kila mstari unaochora.

Ikicheza, usikimbilie kununua mashine nyingine. Fungua koleti, kile kibano cha ndani kinachoshika shina, uisafishe kwa spiriti na mswaki mdogo. Unga wa fedha hupenda kujificha kwenye mipasuko yake, na chembe moja inatosha kuisukuma biti pembeni. Ingiza shina mpaka ndani, usiache shingo ndefu nje. Jaribu na biti nyingine mpya ujue kama kosa ni la biti au la mashine. Kisha kuna ujanja wa mafundi wa mashine za kereza ambao masonara wengi hawaujui: legeza koleti, izungushe biti robo mzunguko, kaza, toboa shimo jipya, pima. Fanya hivyo kwa robo zote nne. Upindo mdogo wa shina na upindo mdogo wa koleti hujumlika upande mmoja na hukatana upande mwingine, kwa hiyo kati ya mashimo manne utaliona moja lililobana kuliko mengine. Tia alama ya kalamu kwenye shina na kwenye koleti, na kila unapoirudisha biti hiyo zilinganishe alama. Kama mashimo yote manne yanacheza sawasawa, na mota inalia na kupata moto haraka, beringi zimekwisha. Zibadilishe, ni kazi ya fundi yeyote anayefungua mashine ndogo.

Sasa kwa nini gololi, na si ile biti iliyochongoka kama penseli ambayo kila mtu anaifikiria kwanza? Kwa sababu unachora ndani ya pete. Pete ya kawaida ina uwazi wa milimita 17 hivi, na mashine nyoofu haiwezi kusimama wima humo. Inaingia kwa mshazari. Biti iliyochongoka ikilala hivyo hukata kwa ubavu na mstari wake hutoka mpana upande mmoja na wenye kingo chafu upande wa pili. Gololi haidhuriki kwa kuinama. Tena inafurahi. Kitako chake kiko katikati ya mzunguko, na katikati ya mzunguko hakuna mwendo: ukiisimamisha wima kitako kinasugua tu, ukiilaza nyuzi 30 hadi 45 unakata kwa meno ya pembeni, na hayo ndiyo yenye makali. Ndiyo maana mstari wa ndani ya pete mara nyingi hutoka safi kuliko ule unaochora juu ya bamba. Na usishawishiwe na mtu akuuzie ule mkono wa mashine ya daktari wa meno wenye kichwa kilichopinda. Kichwa kile pamoja na biti yake havigeuki ndani ya pete ya kidole.

Kununua. Biti za gololi ndogo ni mali ya mafundi meno kabla ya kuwa mali yetu, kwa hiyo ziulizie kwa lugha yao. Kwenye maduka ya vifaa vya meno ya Dar es Salaam, ambayo yanaweza kukutumia kifurushi kwa basi la Tanga, ukisema "biti ya 0.3 ya kuchorea pete" watakushangaa. Ukisoma namba za boksi mtaelewana. Namba ndefu ya kimataifa ina makundi ya tarakimu tatu tatu. Kundi la kwanza ni mali ya kichwa: 500 ni kabaidi ya tungsten, 310 ni feleji, chuma kigumu cha vifaa, 806 ni almasi. La pili ni shina, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea: 104 ni shina nyoofu la milimita 2.35, ndilo lako. 204 ni la 2.35 pia lakini fupi lenye mkato wa kunasia mwishoni. 314, ambalo mara nyingi huandikwa FG, ni jembamba la milimita 1.6. Kundi la tatu likiwa 001 ni gololi. Na la mwisho ni kipenyo kwa sehemu za kumi za milimita: 005 ni 0.5, 003 ni 0.3. Wamarekani wana namba zao nyingine, ambazo utazikuta kwenye maboksi mengi: ¼ ni 0.5, ½ ni 0.6, na 1 ni 0.8. Ile ndogo kabisa uliyoipata dukani, basi, ni namba 1 ya daktari wa meno, na chini yake kuna ngazi kadhaa.

Gololi ndogo za FG ni rahisi kupatikana kuliko za shina la 2.35. Usiziache kwa sababu ya shina. Kuna vijimirija vya kupunguzia, nje 2.35 na ndani 1.6, vinauzwa kwa bei ndogo. Ila kila kijimirija ni nafasi mpya ya kuyumba, kwa hiyo rudia jaribio la shimo.

Kabaidi au feleji? Wauzaji watakusukumia kabaidi, nami kwa fedha ya 925 nakuambia feleji inatosha na mara nyingine inapendeza zaidi. Kabaidi ni ngumu lakini haina subira: mkono ukishtuka, shingo ya 0.3 inakatika papo hapo. Feleji hupinda kidogo kabla ya kuvunjika, na fedha ni laini kiasi kwamba makali ya feleji hayafi upesi. Kabaidi iweke kwa ajili ya wateja wanaokuja na saa na pete za chuma kisichoshika kutu.

Almasi umekwisha kuzijaribu. Hazina meno, zina punje tu zilizogandishwa kwa nikeli, na fedha laini hujikanda katikati ya punje mpaka biti ikawa kijiti kinachong'aa kisichokata kitu. Kwenye kioo, jiwe na chuma kigumu zinafanya kazi yake. Kwenye fedha ni wageni wa Tanga, waja leo, waondoka leo.

Sasa kutengeneza, ambako naona ndiko moyo wako ulipo. Gololi ya meno mengi ya 0.3 kwa mkono usiihangaikie. Inawezekana: unalainisha chuma, unakikereza kichwa, unakata meno kwa tupa yenye ukingo wa wembe, unakipaka sabuni kisiungue, unakipasha mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, unakichovya kwenye mafuta, kisha unakirudisha motoni taratibu juu ya bamba la shaba mpaka kiwe na rangi ya majani makavu. Utapata gololi yenye meno manne yasiyolingana wakati boksi la ¼ lipo Dar. Unachoweza kutengeneza vizuri, tena kizuri kuliko cha dukani, ni biti ya kingo moja ya kukatia kwa kazi ya juu: uso wa pete, bangili, kidani, popote mashine inapoweza kusimama wima.

Malighafi iko kwa fundi cherehani jirani yako. Nenda kwa wale wenye mashine za kiwandani, uombe sindano za DB×1. Shina lake ni duara kamili na lina kipenyo cha milimita 1.62, karibu sawa na FG. Kijimirija kinachobana vizuri kitaishika, kisichoipokea kisugue ndani kwa msasa namba 1000 uliovingirishwa. Usichukue sindano za cherehani ya nyumbani, shina lake limekatwa bapa upande mmoja na haitakaa katikati hata uifanyeje. Namba 14 ina mwili wa milimita 0.9, na hiyo inatosha; ukiona 90 pembeni ya 14 kwenye pakiti, 90 ndiyo milimita 0.90 yenyewe. Sindano yenye ncha iliyokufa si hasara, kwa sababu ncha tunaikata.

Ikate chini kidogo ya pale mwili unapoanza, ubakize milimita 4 au 5 tu. Iweke kwenye mashine kwa mwendo mdogo, uiguse kwenye kinoo laini cha almasi chenye maji mpaka upate koni ya nyuzi 40 hivi. Maji yasikauke. Sindano imekwisha kutiwa ugumu kiwandani na wewe huhitaji moto wowote, lakini ukisaga kavu utaona rangi ya samawati inapanda kutoka nchani, na hapo ugumu umekwenda. Kata kipande hicho uanze upya.

Halafu zima mashine na usage upande mmoja wa koni uwe bapa, mpaka katikati. Sindano ya cherehani ina mfereji wa uzi upande mmoja: saga upande huo huo, mfereji uondoke pamoja na nusu inayotoka. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Mwili wa 0.90 ukibaki 0.47 simama hapo, umalizie kwa kinoo laini zaidi ukiwa na lenzi jichoni, kwa sababu ukivuka katikati biti haikati tena kwa ncha. Umebaki na nusu koni yenye kingo mbili. Moja ndiyo itakayokata. Nyuma ya kingo hiyo punguza kidogo ili mgongo usisugue, na ile ya pili iache. Mwisho gusisha ncha kabisa kwenye kinoo, mguso mmoja, ili iwe na kitako cha 0.1 badala ya kuwa sindano ya kuchoma. Ncha kali mno inavunjika kwenye herufi ya kwanza.

Kingo ipi ikate inategemea mota inazunguka upande gani, na hapa mashine yako ya kucha inamshinda hata sonara mwenye mashine ya ghali: ina swichi ya kugeuza mzunguko. Ukikosea upande, geuza swichi. Kuonja makali, gusisha kingo kwenye ukucha wa kidole gumba bila kubonyeza. Ikishika imeiva, ikiteleza irudi kinooni.

Biti hii ya koni inapozama 0.15 inatoa mstari wa 0.2 hivi kwa juu, kwa hiyo ina kina kuliko gololi yoyote. Ila usiiweke kamwe kwenye mkono wa meno unaozungushwa kwa upepo wa kompresa. Ule unakimbia mizunguko zaidi ya 300,000 kwa dakika, na kitu chenye nusu moja tu kikizungushwa hivyo kinaruka. Hata kwenye mota yako vaa miwani, na ukisaga kabaidi saga kwa maji na uzibe pua, vumbi lake lina kobalti.

Mwendo usikusumbue. Gololi ya 0.5 kwa mizunguko 30,000 kwa dakika, makali yake yanatembea mita 47 kwa dakika, ya 0.3 mita 28. Kwa feleji kwenye fedha ni mwendo mzuri, wala huhitaji mashine ya kasi zaidi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye mstari, au biti uiguse kwenye nta kila baada ya herufi mbili tatu. Mafuta ya alizeti usitumie, yanaganda na kuwa gundi kwenye meno. Na biti za feleji uzilaze kwenye kitambaa chenye mafuta, hewa yetu ya baharini hainunui ugomvi na kabaidi lakini feleji inaila kimya kimya kwenye droo.

Hizo biti zilizotumika za daktari wa meno, usizichukue. Kwanza zimetolewa kwa sababu makali yamekufa, na biti butu ya 0.5 haikati fedha bali inaisukuma. Pili zimepita kwenye damu na mate ya watu, na hazioshwi kwa maji ya moto na sabuni. Zinahitaji mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, na aliyekuahidi hana hakika kama zilipitia humo au ziliokotwa kwenye ndoo ya takataka. Vidole vya sonara havikosi michubuko. Badala yake mwombe mtu huyo akukutanishe na daktari mwenyewe, umuulize kama ana maboksi mapya ya gololi ndogo yaliyolala kabatini, za FG namba ¼ au za 003. Madaktari hununua boksi zima wakatumia biti mbili, na nyingi hubaki bila kufunguliwa.